Neno Lisilosomwa

Mfamasia aliweka lebo juu ya kaunta kama mtu anayebandika notisi ya kumfukuza mpangaji, kisha akaisukuma mbele kwa kidole kimoja.

"Someni wenyewe," akasema.

Bahati mbaya aliisukuma upande wa Fundi, na macho ya Fundi yalikuwa yameacha kazi mwaka wa tisa huo. Mzee aliichukua kwa heshima zote, akaipapasa mbele na nyuma, akainusa.

"Gundi nzuri," akasema.

Binti yake akaichukua mkononi mwake taratibu. Binti huyu, mwanamke wa miaka thelathini na sita mwenye miwani na deni la usingizi, jina lake nyumbani lilikuwa Kasuku. Baba yake ndiye aliyempa, kwa kuwa binti ndiye aliyemsomea mzee programu zake kwa sauti, mstari kwa mstari, tangu macho yalipoaga. Sasa kasuku mwenyewe alikuwa amekosa la kusema. Lebo ilisema mtoto wa siku nne, kilo mbili pointi tisa, apewe mililita moja pointi moja kila baada ya saa kumi na mbili. Hicho kilikuwa kipimo cha zamani. Yeye alikuwa ameandika kipya tangu Jumatatu, akakijaribu, akakiona kwa macho yake kikifanya kazi.

"Jedwali jipya la watoto wachanga mlipewa," Mfamasia akaendelea. Alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, mtu wa kuongea kama anayelipia kila neno. "Kwa uzito huu mtoto asizidi sifuri pointi nane saba. Mkatuandikia kwamba tayari. Leo asubuhi mashine imetapika hii. Muuguzi wangu angekuwa anasinzia, sasa hivi tungekuwa tunaongea lugha nyingine kabisa."

Kasuku aliisikia ile namba ikipita, lakini kichwa chake kilikuwa kimejaa moshi, hakuishika.

"Na huyu mzee ndiye aliyeuandika mfumo?" Mfamasia akamuuliza Kasuku, juu ya kichwa cha Fundi.

"Ndiye mimi," Fundi akajibu kutoka huko chini. "Masikio bado yanaripoti kazini."

Kijana akakohoa. Akatoa fomu, akaeleza kwamba saa tisa kamili mchana wa siku ile ile lebo isipotoka sawasawa, mfumo unang'olewa, nao wataandika kwa mkono mpaka wanunue mwingine. Mzee asaini kwamba ameonywa. Kasuku akaielekeza kalamu mahali pa sahihi, lakini Fundi alikuwa na sahihi ya zamani, ya mikia mirefu, ya enzi ambazo karatasi zilimfuata yeye. Mkia wa mwisho ukavuka fomu ukaishia juu ya kaunta. Mfamasia akaufuta kwa pamba, na sauti ya ile pamba ikikwaruza kaunta ndiyo iliyomuuma Kasuku kuliko maneno yote.

Maana zamani hospitali kumi na moja zilikuwa zikitumia programu ya Fundi. Walikuwa wakimtumia gari. Wakati mmoja Kasuku, akiwa na sare ya shule, alikaa kiti cha mbele kati ya baba na dereva, sanduku la disketi mapajani, akidhani wamebeba dhahabu. Moja baada ya nyingine hospitali zikahamia mifumo ya kisasa, na sasa ilibaki hii. Kila asubuhi, kabla ya salamu na kabla ya chai, mzee aliuliza neno moja, "Inatembea?" Akiambiwa inatembea, ananyoa ndevu. Kasuku hakutaka kujua siku atakayoambiwa haitembei atafanya nini na uso wake.

* * *

Sebuleni kwao ndiko kulikuwa ofisi. Meza ya chakula ilikuwa imepoteza haki zake zamani. Juu yake kulikuwa na kompyuta mbili na waya zilizokaa kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Kwenye kochi alikaa Shangazi, dada mkubwa wa Fundi, anafuma vitambaa vya kutandika viti, ulimi wake hauna breki.

"Wamewafukuza?"

"Bado," Fundi akasema akitafuta kiti chake kwa goti. "Wametupa mpaka saa tisa. Kasuku, keti. Soma."

"Nisome nini, baba? Fungu langu ni sahihi. Nililijaribu."

"Soma hivyo hivyo."

"Ngoja kwanza," Shangazi akasema. "Miaka yote mnasoma, mimi nasikia tu mzazi, mtoto, mrithi, nadhani mna kesi ya shamba. Leo nielezeni, maana nikizikwa na ujinga huu nitaona aibu huko."

Kasuku alitazama saa ya ukutani. Saa tano kasorobo. Lakini alijua pia kwamba Shangazi asipojibiwa huuliza tena kwa sauti zaidi.

"Programu ya baba ina klasi mzazi inaitwa Mgonjwa. Ndani yake kuna mafungu ya maagizo: fungu la kukokotoa kipimo cha dawa, fungu la kuchapa lebo, na mengine. Mimi nimeandika klasi mtoto, Mtoto Mchanga. Anamrithi Mgonjwa, kwa hiyo anapata kila anachojua mzazi bila kuandikiwa upya. Kama kuna jambo anataka kulifanya kwa namna yake, anaandika fungu lenye jina lile lile. Basi mashine ikifika hapo inamfuata mtoto, inampita mzazi. Sisi tunasema mtoto amempiku mzazi."

"Kama wewe na chai," Shangazi akasema. "Marehemu mama yako alitia majani mwisho. Wewe unatia mwanzo. Jina ni chai, na tunakunywa ya kwako."

"Hivyo hivyo."

"Ya kwake ilikuwa bora."

"Shangazi, tafadhali."

Fundi alikuwa akicheka bila sauti, mabega tu. Kisha akagonga meza mara mbili, ishara ya siku zote, na Kasuku akaanza kusoma. Alianza na klasi mtoto. "Fungu kipimo. Uzito mara kiwango kipya. Gawanya kwa nguvu ya dawa. Kadiria kwenye desimali moja. Rudisha." Akahamia kwa mzazi. "Fungu chapa lebo. Chukua jina. Chukua umri. Ita kipimo. Andika. Fungu kipimo. Uzito mara kiwango. Gawanya kwa nguvu ya dawa…" Mzee akapunga mkono asonge mbele, hilo alilijua kwa moyo.

Hapa msomaji ajue kitu kimoja. Kila fungu katika programu huanza na neno la mlango, linalosema nani anaruhusiwa kuliita. Kuna fungu la wazi, analoita yeyote. Kuna la ukoo, analoita mzazi na watoto wake. Kuna la siri, ambalo ni la mwenye klasi peke yake. Siku za kwanza za upofu, Kasuku alikuwa akimsomea hadi hayo, wazi, wazi, wazi, mpaka mzee akachoka. "Ya mlango usinisomee," akasema. "Nyumba yangu haina kufuli, kila kitu ni wazi. Nisomee kazi." Na kweli, Fundi alikuwa mtu wa milango wazi, majirani walikuwa wakiingia kuchukua chumvi bila kubisha. Kwa hiyo miaka mingi walilipita neno la kwanza la kila fungu, ulimi wa Kasuku ukazoea kuliruka, na baada ya ulimi, jicho nalo likazoea.

Walisoma mara ya kwanza, hakuna kosa. Walisoma mara ya pili. Fundi alikuwa amefumba macho yasiyoona, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza injini.

"Inaita kipimo," akasema. "Mtoto anacho kipimo. Kwa nini inakwenda kwa mzazi?"

"Sijui, baba."

"Ulijaribuje?"

"Nilimwita mtoto moja kwa moja, nikamwambia leta kipimo, akaleta kipya. Kuchapa lebo sikujaribu. Printa ya lebo tuliiuza."

"Tuliiuza," mzee akarudia, kama anayekumbuka jina la mtu waliyesoma naye.

Saa sita ikapita. Kasuku akatoa jasho kwenye kwapa na akaacha kulificha. Alibadilisha hiki, akarudisha, akabadilisha kile, akarudisha. Kuna alama fulani ambayo waandishi wa programu wa siku hizi huiweka juu ya fungu la mtoto, na mashine humwambia mtu hapo hapo kwamba hujampiku yeyote, unajidanganya. Fundi hakuwahi kuizoea alama hiyo, na Kasuku alikuwa amerithi pia mazoea mabaya ya mzazi.

Shangazi alikuja na vikombe vitatu. Alipoinama kuweka cha Kasuku, uzi wa kufumia shingoni, macho yake yakatua kwenye kioo. Hakujua hata neno moja la pale. Lakini alikuwa mtu wa kutazama safu za matundu kutwa nzima, na tundu lililokosewa alikuwa akiliona kutoka mlangoni.

"Hili nalo?" akasema, akiweka kidole chenye mvuke wa chai. "Hapa mwanzo. Juu huku yote yanafanana, chini huko yote yanafanana. Hili peke yake si ndugu yao."

Kasuku akatazama. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Baba."

"Nakusikia."

"Fungu kipimo. Lile la mzazi." Akalisoma neno la mlango kwa mara ya kwanza tangu alijue fungu hilo. "Ni la siri."

* * *

Kikombe cha Fundi kilikuwa nusu njia kwenda mdomoni, nacho kikabaki hapo hapo.

"Si langu," akasema mwishowe. "Mimi siandiki siri."

"Liko kwenye klasi yako, baba."

"Nakwambia si langu. Soma tena, polepole. Pale mwishoni, kabla ya kurudisha."

"Shusha kwenye desimali moja."

"Shusha. Halikadirii?"

"Linashusha. Lazima namba ishuke, hata ikibaki kidogo kufika juu."

Mzee aliweka kikombe mezani. Kilikosa sahani, lakini hakujali. "Huyo Bosi," akasema.

Bosi alikuwa mama yake Kasuku. Alitoa dawa dirishani katika hospitali ile ile miaka ishirini na minane, na ndiye aliyekuwa akimwambia Fundi sheria zote za vipimo, huku Fundi akiziandika. Jina la Bosi Fundi alimpa kwa utani siku ya kwanza ya kazi, na baadaye utani ukawa ukweli, kama inavyowatokea wanaume wengi.

"Tuligombana kwa ajili ya kukadiria," Fundi akasema. "Mimi nilipenda namba iende pale ilipo karibu. Mia moja na sita iwe mia moja na kumi. Nadhifu. Yeye akasema kwa mtoto hakuna nadhifu, ni kushusha tu. Dawa iliyopungua tone utaongeza kesho, iliyozidi tone utaitoa wapi? Nikabadilisha kwa ajili ya amani. Wiki ya pili nikasahau, nikarudisha ya kwangu. Akaiona kwenye lebo. Siku mbili alinipa chai bila neno lolote. Bora angetukana."

"Hilo nalikumbuka," Shangazi akasema. "Nilikuja kuwapatanisha nikaondoka bila kupewa hata maji."

"Baadaye macho yakaanza kwenda, akawa ananisomea yeye kabla yako, Kasuku. Akawa anajifunza. Jioni moja tumekaa hapa hapa, yeye anapiga vitufe, mimi nasikia tu tak, tak. Akaniuliza kama anayeuliza bei ya nyanya: 'Hivi mtu akitaka fungu lake lisiguswe na mtoto yeyote, anaandika neno gani?' Nikamfundisha. Nilifurahi mwanafunzi wangu anauliza swali zuri." Akacheka, safari hii kwa sauti, na cheko likamkatikia njiani. "Nilimpa kufuli mimi mwenyewe, akanifungia nje, halafu akanimiminia chai."

Kasuku alikuwa bado anatazama lile neno. Sasa alielewa kila kitu, na kilikuwa rahisi kwa namna ya kukera. Fungu la siri hakuna awezaye kulipiku. Mtoto hata halioni. Alichoandika yeye kilikuwa fungu jingine kabisa lililotokea kuwa na jina lile lile. Na mzazi alipochapa lebo aliita la kwake, lililofungwa, bila kujua kwamba kuna mtoto nje anagonga.

"Basi ni neno moja tu," akasema. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na robo. "Naliondoa, naweka la ukoo, mtoto anampiku, tunakwenda. Dakika mbili."

Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya vitufe. Fundi akanyoosha mkono, akaupapasa mkono wake, akaushika.

"Usifungue kwanza."

"Baba, saa tisa."

"Najua saa. Jumatatu ulipojaribu, mtoto wa kilo mbili pointi tisa, alikuletea ngapi?"

"Sifuri pointi tisa."

"Na kijana wa kalamu amesema isizidi ngapi?"

Kasuku akafungua mdomo. Ile namba aliyoiacha ipite asubuhi ikarudi sasa, ikaketi mbele yake. Sifuri pointi nane saba. Fungu lake lilikuwa limekadiria, likapanda, nadhifu. Miaka kumi na tatu kwenye kazi hii, na mama aliyesoma kozi ya miezi tisa ya kutoa dawa alikuwa amemzuia mlangoni, akiwa kaburini, asimpe mtoto wa watu tone la ziada.

"Ningefungua," akasema, "ingechapwa tisa."

"Ingechapwa." Mzee hakusema kwa kulaumu. "Hata mimi ningechapa tisa, usijali, umepata kwangu."

"Sasa mnafanyaje?" Shangazi akauliza. "Mkifunga mtoto anapewa dawa ya zamani, mkifungua anapewa ya kuzidi. Mimi ningeandika kwa mkono."

Fundi alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa upande mmoja. "Lipasue," akasema. "Hilo fungu lina kazi mbili. Kukokotoa na kushusha. Kukokotoa kutoe nje, kuwe kwa ukoo. Jedwali hubadilika kila mwaka, watoto wampiku mzazi hapo watakavyo. Kushusha kubaki ndani, kwa siri, kama alivyoacha. Mtoto akokotoe, mzazi ashushe, ndipo ichapwe. Mtu yeyote asipate njia ya kupita pembeni."

"Nitoe pia kukadiria kwangu."

"Hilo sikuwa nimekusudia kukwambia mbele ya shangazi yako."

Kasuku akaandika. Dirishani mtu alipita akiuza ndoo, akizigonga, na nyumba nzima haikumsikia. Alipomaliza hakuruka kitu. Alimsomea mzee kuanzia neno la kwanza la kila fungu: la wazi, la ukoo, na alipofika kwenye kushusha, la siri, akasita kidogo, na Fundi akatikisa kichwa kwa mbali, kama mtu aliyeitikiwa salamu kutoka ng'ambo ya barabara.

* * *

Walifika kaunta saa tisa kasoro dakika sita, Fundi amevaa kiatu cheusi mguu mmoja na cha kahawia mguu mwingine kwa sababu ya haraka, na Kasuku hakuwa na roho ya kumwambia. Mfamasia alikuwa amekwisha kutoa madaftari ya kuandikia kwa mkono, yamepangwa. Hakuyaondoa.

Kasuku aliingiza mabadiliko kwenye kompyuta ya hospitali, watu wa foleni wakimpumulia mgongoni. Akaandika umri, siku nne. Uzito, mbili pointi tisa. Akabonyeza. Printa ikanguruma, ikafikiri, ikatoa lebo.

Mfamasia aliichukua, akaisogeza karibu na jedwali ukutani, akatoa kalamu moja katika tatu, akakokotoa pembeni ya gazeti. "Mimi napata nane saba," akasema. "Hapa pana nane. Nilidhani mtapandisha iwe tisa. Tisa iko karibu zaidi."

"Kwa mtoto tunashusha tu," Kasuku akasema.

"Nani kasema?"

Kasuku alitaka kueleza, akaona maelezo ni marefu na foleni ni ndefu zaidi. Fundi akajibu badala yake. "Mtoa dawa wenu mmoja. Alikuwa hapa kabla yako."

Kijana alitazama bomba la kunyweshea lililokuwa kwenye sinia, mistari yake ya pointi moja moja, akaangalia tena lebo. Akabandika ile lebo kwenye chupa, akaichapa kofi dogo ishike. Kisha akachukua madaftari, akayarudisha chini ya kaunta.

"Haya, subirini pembeni niwape fomu nyingine msaini," akasema, kisha akafikiri. "Au basi. Fomu achaneni nayo, mzee."

Walisogea. Fundi alikuwa na mkono mmoja kwenye ukuta, akipapasa. "Hapa ni dirisha la ngapi?"

"La tatu, baba."

"La tatu ndilo lilikuwa lake." Vidole vyake vikafika kwenye kizingiti cha dirisha, vikatembea kulia, vikatembea kushoto, vikitafuta. "Palikuwa na mbao. Palikuwa na bonde hapa, la kiwiko chake."

"Wameweka aluminiamu."

"Lini?"

"Sijui. Zamani kidogo."

Aliuacha mkono pale juu ya bati baridi. Ndani, Mfamasia aliita namba, na mwanamke mwembamba mwenye kichanga kifuani akafika, akapokea chupa, akaelezwa mara mbili, nane, si tisa, usizidishe hata mtoto akilia. Akaitikia ndiyo daktari. Akapita mbele yao bila kuwatazama, akiisoma lebo midomo ikimchezacheza, ndara zake zikipiga sakafu.

Fundi alizifuata kwa sikio koridoni kote, mpaka zikakata kona.

"Amesoma?" akauliza.

"Anasoma bado."

"Haya," mzee akasema, akatoa mkono dirishani. "Tuwapishe, wengine wanasubiri."